Shingo Ndefu ya Lindi katika Runinga za Naivasha

Mwaka 1991 kikosi cha wachoraji wa kampuni ya Disney kilifika Hell's Gate, mbuga ndogo iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha. Roger Allers, Brenda Chapman na Chris Sanders walikuwamo. Hawakuja kutalii. Walikuja kuisoma nchi yenyewe, magenge yake, mwanga wake na wanyama wake, kabla ya kushika penseli. Filamu waliyokuwa wakiiandaa, The Lion King, ilitoka Juni 1994. Mwamba anaposimamishwa Simba mchanga ni wa kubuni tu, lakini nenda ukabishane na mwongoza watalii wa Naivasha anayekuonyesha kwa kidole mahali penyewe!

Filamu hiyo ilizaa kipindi cha watoto wadogo. Januari 2016 chaneli ya Disney Junior ilianza kurusha The Lion Guard, kilichokusudiwa watoto wa miaka 2 hadi 7. Mna mwanasimba Kion, nyegere Bunga, duma Fuli, ndege Ono na kiboko Beshte, jina ambalo mtoto yeyote wa mtaani Kenya hahitaji kuelezwa. Watengenezaji walimtumia mshauri wa Kiswahili, Sarah Mirza, na vipindi viliendelea hadi Novemba 2019. Kwa hiyo mtoto wa Karagita, mtaa ulio kando ya barabara ya kusini ya ziwa, akaletewa kutoka Marekani kiboko wa kuchorwa, ilhali viboko wa kweli hutoka ziwani usiku kula nyasi karibu na anapolala.

Basi ardhi ya Naivasha imekwisha kuchangia katuni za dunia. Swali ambalo watoto huuliza, tena mara nyingi kuliko wazazi wanavyopenda, ni la mnyama mwingine: je, dinosauri waliishi hapa?

Hapa, hapana. Au tuseme, mawe ya hapa hayawezi kutujibu. Dinosauri walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na Bonde la Ufa lilianza kufunguka makumi ya mamilioni ya miaka baadaye. Mlima Longonot una umri wa miaka 400,000 hivi. Mnara wa Fischer pale Hell's Gate, unaoitwa hivyo kwa ajili ya Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita huko mwaka 1883, ni tokeo la volkeno, na leo wenyeji wake ni pimbi. Mvuke unaoendesha mitambo ya umeme ya Olkaria tangu 1981 unatoka katika nchi ambayo bado inachemka. Ukichimba Naivasha utapata majivu, pumisi na vipande vya obsidiani vilivyochongwa na watu wa kale. Mfupa wa dinosauri hautauona.

Wa karibu nasi wako Turkana kaskazini, na Lindi kusini mwa Tanzania. Hadithi ya Lindi ndiyo kubwa zaidi, na ndiyo iliyoingia katika kila runinga yenye katuni ya dinosauri, ingawa aghalabu haitajwi.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa ikichomoza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, kilomita 60 hivi kutoka mji wa Lindi. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado vinaendelea. Njaa iliyofuata iliwaua watu wengi wa kusini kuliko risasi. Katika nchi hiyo iliyojeruhiwa, Wajerumani walianzisha mwaka 1909 uchimbaji mkubwa wa visukuku chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig wa makumbusho ya Berlin. Uliendelea hadi 1913. Msimu wa kilele ulikuwa na wafanyakazi wapatao 500. Hao ndio walioondoa udongo, wakaitambua mifupa, wakaifunga isivunjike na kuibeba mabegani na vichwani kwa mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Jumla ya shehena ilikuwa tani 250 hivi.

Msimamizi wa wachimbaji hao aliitwa Boheti bin Amrani. Picha zake zipo, na jina lake lipo katika kumbukumbu za msafara, lakini kwa miaka mingi sifa yote ilikwenda kwa maprofesa. Ilipofika 2007 mtaalamu Kristian Remes alimpa dinosauri mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, aliyebeba jina la Wamwera, wenyeji wa eneo hilo, na la Mohammadi Keranje, mchimbaji wa mfupa wenyewe. Karne nzima ilipita kabla ya wachimbaji hao kulipwa hata heshima ya karatasi.

Kati ya mifupa hiyo kulikuwa na ya mnyama mwenye shingo ndefu kupita kiasi, miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, na kichwa chenye paji lililoinuka kama kuba. Janensch alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914, akimweka katika jenasi moja na mnyama aliyechimbuliwa Colorado, Marekani, na kupewa jina mwaka 1903. Mifupa yake iliunganishwa na kusimamishwa Berlin mwaka 1937. Baada ya kupangwa upya mwaka 2007 ina urefu wa mita 13.27, na hakuna kiunzi cha dinosauri kilichosimamishwa katika jumba la makumbusho kinachoizidi kwa kimo.

Yule wa Colorado alipatikana nusu nusu. Kichwa chake hakijulikani vizuri. Kwa hiyo kila mchoraji aliyetaka kumchora Brachiosaurus, awe wa vitabu, wa wanasesere au wa sinema, aligeukia kiunzi cha Berlin. Dinosauri anayenyanyua shingo mtini katika filamu ya Jurassic Park ya 1993 ana kichwa cha Tendaguru. Mwaka 2009 mtafiti Mike Taylor alionyesha kwa kirefu kwamba wanyama hao wawili wanatofautiana vya kutosha kuwa na jenasi mbali mbali, na yule wa Lindi sasa hujulikana zaidi kwa jina la Giraffatitan. Lakini picha ilikuwa imekwisha kuenea duniani. Mtoto wa miaka minne leo, awe Naivasha au Osaka, ukimwambia achore dinosauri mwenye shingo ndefu, atakuchorea, bila kujua, mnyama aliyetoka Lindi.

Uzi mwembamba unaunganisha Tendaguru na mabonde ya Naivasha na Nakuru, nao ni Louis Leakey. Alizaliwa Kabete mwaka 1903, akaenda Cambridge, akaumia akicheza raga na kulazimika kupumzika masomo. Mwaka 1924 makumbusho ya Uingereza yalimtuma Tendaguru pamoja na William Cutler, kwa vile Tanganyika ilikuwa imekwisha kuwa mikononi mwa Waingereza. Leakey alijua Afrika Mashariki na Kiswahili. Cutler alijua mifupa. Mmoja akamfundisha mwenzake, na mwaka uliofuata Cutler alifariki huko huko Lindi. Leakey alikuwa amekwisha kurudi chuoni. Mwaka 1926 alikuja na msafara wake mwenyewe, akachimba Nakuru na Elmenteita, na baadaye Gamble's Cave, pango lililo kati ya Naivasha na Nakuru. Mwaka 1928 msafara wake ukapata mashoka ya mawe ya Kariandusi. Ufundi wa kuchimba na kuhifadhi mifupa aliufundishwa miongoni mwa dinosauri, akaja kuutumia kuwatafuta binadamu.

Huenda hapo ndipo mkondo wa elimu ya kale nchini Kenya ulipogeukia upande mmoja. Tangu Leakey na mkewe Mary, aliyechimba Hyrax Hill mjini Nakuru mwaka 1937, simulizi yetu ya visukuku imekuwa ya binadamu: fuvu, jiwe la kukatia, nyayo. Watoto wa shule hupelekwa Kariandusi na Hyrax Hill kuambiwa habari za mababu. Dinosauri wakaachiwa runinga.

Na runinga ilichelewa kufika. Kenya ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1962 kutoka nyumba ya shambani huko Limuru, na mawimbi yalifika umbali wa kilomita 25 hivi tu. Naivasha ilikuwa chini ya ukingo wa bonde, nje kabisa ya duara hilo. Mwaka 1970 kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilifunguliwa Longonot, jirani na Naivasha, na picha za moja kwa moja kutoka ng'ambo zikaanza kutua hapo. Hivyo mlango wa Kenya wa kuingilia picha za dunia ulikuwa uwanda ule ule wenye vumbi, chini ya mlima, wakati ambapo nyumba nyingi zilizouzunguka hazikuwa na runinga wala umeme.

Dinosauri wa kwanza kuwa mlezi wa watoto duniani hakuwa wa kisayansi hata kidogo. Sheryl Leach, mwalimu wa zamani wa jimbo la Texas, alianza mwaka 1988 kuuza kanda za Barney, dinosauri wa rangi ya zambarau anayeimba na kukumbatia watoto. Mwaka 1992 Barney akaingia televisheni ya umma ya PBS. Barney alifundisha rangi, namba, kupiga mswaki na kugawana vitu. Angeweza kuwa dubu, na somo lisingebadilika hata chembe. Wazazi wengi wa Marekani walimchoka, watoto hawakumchoka.

Kilichobadilisha mambo kilikuja Septemba 2009: Dinosaur Train, kazi ya Craig Bartlett na kampuni ya Jim Henson. Wazo lake ni rahisi hadi mtu hujiuliza kwa nini halikuwahi kumjia yeye. Mtoto hupenda dinosauri, mtoto hupenda garimoshi; basi wapakie dinosauri garimoshini. Buddy, Tyrannosaurus mdogo aliyelelewa na jamaa ya Pteranodon, husafiri kupitia mahandaki yanayovuka nyakati, kutoka enzi moja ya dinosauri hadi nyingine. Kila anapokutana na mnyama mgeni anauliza, anakisia sababu, kisha anapima kisio lake. Watoto wa miaka mitatu hadi sita walikuwa wakifundishwa nadharia tete, jambo ambalo wanafunzi wetu wengi hukutana nalo mara ya kwanza wakiandika tasnifu chuo kikuu.

Mwishoni mwa kipindi hutokea mtu halisi, Dakta Scott, anayeeleza kilicho kweli na kuwahimiza watoto watoke nje wakatazame. Si mwigizaji. Ni Scott Sampson, mtaalamu wa visukuku. Hapa ndipo Bonde la Ufa linapoingia tena, kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2006 Joseph Sertich, Fredrick Manthi wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, Sampson na wenzao waliwaeleza wanasayansi habari za dinosauri wa vilima vya Lapurr, magharibi mwa Ziwa Turkana. Miamba hiyo ni ya zamani kuliko bonde. Iliinuliwa na kufichuliwa bonde lilipopasuka. Kwa hiyo mtu aliyewafundisha watoto wa Marekani dinosauri ni mmoja wa walioandika juu ya dinosauri wa Kenya. Ni watoto wangapi wa Kenya waliosikia habari za Lapurr?

Mtu akidhani haya ni michezo tu, kuna uchunguzi wa zamani unaofaa kukumbukwa. Mwaka 1983 Michelene Chi na Randi Koeske walichapisha utafiti juu ya mvulana wa miaka minne na nusu aliyejua dinosauri 40 kwa majina. Walichora ramani ya ujuzi wake: nani anakula nini, nani ana silaha gani, nani ni jamaa ya nani. Dinosauri aliowajua vizuri waliunganishwa kwa nyuzi nyingi, na hao ndio aliowakumbuka. Aliowajua juu juu walimtoka haraka. Alikuwa akijenga mfumo wa kupanga maarifa, kazi ile ile ambayo mwalimu wa chekechea huifanya kwa matunda na mboga. Ndiyo maana kipindi kinachomtumia dinosauri kama sanamu ya kuchezea kinapoteza nafasi.

Wakati Buddy akipanda garimoshi, Nairobi nako kulikuwa na kazi inafanyika. Mwaka 2010 vilianza vipindi vya Tinga Tinga Tales, vilivyochorwa na studio ya Homeboyz kwa ushirikiano na kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza, kwa mtindo wa mchoraji Edward Said Tingatinga wa Tanzania. Kila kipindi kilisimulia kwa nini mnyama fulani yuko alivyo. Vilirushwa na BBC na Disney. Kwa mara ya kwanza katuni ya watoto wadogo iliyochorwa Nairobi ikasafiri kwenda, badala ya kuja.

Dar es Salaam ikajibu. Ubongo ilianzishwa mwaka 2013 na Nisha Ligon na wenzake, na Januari 2014 Ubongo Kids ikaingia TBC1 ikifundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Baadaye kikaja Akili and Me kwa wale wadogo zaidi: Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro, na akilala huingia nchi ya ndoto yenye marafiki wanyama. Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland aliwapima watoto wa Morogoro, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha kuwa waliotazama kipindi hicho walipiga hatua katika kuchora, kutambua maumbo na namba, na kuhesabu. Kumbe katuni ya bei nafuu kuliko ya Hollywood inaweza kufundisha.

Upande wa programu za vishikwambi, jaribio kubwa la Kiswahili lilifanyika mkoani Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji vipatavyo 170, kwa watoto karibu 3,000, wengi wao hawajawahi kukaa darasani, na kuwaacha wajifunze wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Mei 2019 onebillion ya Uingereza na Kitkit School waligawana zawadi ya dola milioni 10. Kenya kwa upande wake ilianza mwaka 2016 kugawa vishikwambi kwa darasa la kwanza. Watoto wa PP1 na PP2, yaani wa chekechea, hawakuwemo. Elimu yao ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Katiba ya 2010, na kishikwambi chao mpaka leo ni simu ya mama.

Naivasha hilo lina uzito wake. Mashamba ya maua huajiri maelfu ya wanawake, na kazi huanza mapema. Mtoto huachwa kwa jirani, kwa dada mkubwa au katika kituo cha kulelea watoto, na popote alipo, runinga au simu haiko mbali. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asitazame kioo zaidi ya saa moja kwa siku. Ushauri mzuri, ila mwandishi wake hakuwa na zamu ya kufungasha waridi.

Kisha shule zikafungwa. Machi 2020 ugonjwa wa korona uliwarudisha watoto wote nyumbani, na tarehe 31 ya mwezi huo huo ikazinduliwa Akili Kids!, chaneli ya watoto isiyolipiwa, ya kwanza ya aina yake nchini. Isingeweza kuchagua wakati bora au mbaya zaidi. Machi 2021 ikafuata Super Sema ya kampuni ya Kukua, kwenye YouTube: msichana Sema anatatua shida za kijiji chake kwa sayansi na ubunifu, na Lupita Nyong'o ni miongoni mwa wazalishaji na sauti zake. Mwaka mmoja uliwapa watoto wa Kenya vipindi vyao vingi kuliko walivyozoea kwa miaka.

Dinosauri, hata hivyo, wamebaki mali ya wageni. Mwaka 2019 Disney Junior ilianza Gigantosaurus, katuni ya kampuni ya Ufaransa, Cyber Group, ambamo Bill, mmoja wa marafiki wanne, ni Brachiosaurus mwoga anayependa kula. Mwaka huo huo, kutoka kusini magharibi mwa Tanzania, Eric Gorscak na Patrick O'Connor walimtangaza dinosauri mpya wa shingo ndefu: Mnyamawamtuka moyowamkia, mwenye mfupa wa mkia ulio na umbo la moyo. Mtoto anayehangaika kutamka Parasaurolophus angelitamka jina hili mara moja na kucheka. Zaidi ya huyo kuna Shingopana wa 2017 na Rukwatitan wa 2014, na kuna Nyasasaurus wa miaka milioni 243 hivi, ambaye huenda ndiye dinosauri mkongwe kuliko wote wanaojulikana. Wahusika wameshapatikana, na majina yao yako tayari.

Kwa maoni yangu, kasoro haiko kwenye fedha peke yake. Watengenezaji wetu wamemwona dinosauri kuwa jambo la Wazungu, wakabaki na simba, sungura na fisi. Wakati huo huo simba wetu wenyewe wamekwisha kuchorwa na wengine. Kipindi cha dakika kumi na moja juu ya Boheti bin Amrani akimtoa Giraffatitan udongoni kina kila kinachohitajika na mtoto wa miaka minne: mnyama mkubwa mno, fumbo la kufumbua, safari ndefu ya kwenda baharini, na watu wanaofanana na babu yake. Safari ya pili ingepitia Lapurr pamoja na watafiti wa Makumbusho ya Kitaifa, na ya tatu ingesimama Hell's Gate kueleza kwa nini hapo hakuna mfupa hata mmoja. Studio za Nairobi na Dar es Salaam zina wachoraji, na Akili Kids! ina masafa. Waanze na Lindi, tena kwa Kiswahili, kabla mtu mwingine hajaja na penseli zake.